Pango Letu: Tulikodishe au Tulitunze Wenyewe?



Safari hii tumeweka kando habari za kuku na mbolea ya samadi. Tunataka tuzungumze juu ya mapango, yaani yale mashimo makubwa ya kale yaliyoko chini ya ardhi au ndani ya miamba, ambayo siku hizi wageni wanatoka mbali na kulipa pesa ili wayaone. Hatukuamka tu asubuhi tukaanza kuwaza mapango. Kuna jambo lilitusukuma.

Mwaka jana kikundi kimoja cha upande wa vilima vya Taita kilitualika kwenye mkutano wake. Jina lake hatulitaji, wenyewe wametuomba hivyo. Ni watu 32, wengi wao akina mama, wanaofuga kuku na kuweka akiba. Juu ya kijiji chao kuna mlima wa mawe, na ndani ya mawe hayo kuna pango ambamo, kwa masimulizi ya wazee, watu walikuwa wakijificha pamoja na mbuzi wao wakati wa uvamizi. Basi, bwana mmoja kutoka mjini alikuwa amefika pale mara tatu. Alisema watalii wanapenda mapango kuliko wanavyopenda simba, maana simba wameshawaona. Alileta karatasi ya kurasa nne iliyoandikwa Kiingereza, na ahadi ya shilingi 400,000 taslimu, ili yeye apewe mlima kwa miaka 30. Mkutano ule ulikuwa wa kutia sahihi. Sisi tulikuwa tumeitwa, tunadhani, tuwe mashahidi na kula chapati.

Tuliomba jambo moja tu: kabla ya kalamu kutolewa, tufanye hesabu pamoja.

Hesabu ya punje za mahindi

Mweka hazina alileta debe la mahindi. Tukasema kila punje ni shilingi 1,000. Punje 400 zikahesabiwa mezani. Halafu akina mama wakazigawa mafungu 30, fungu moja kwa kila mwaka wa ile karatasi. Kila fungu lilipata punje 13, na zikabaki punje 10. Tukachukua fungu moja tukaliweka katikati ya meza tukasema, haya, hizi ndizo pesa za mwaka mzima, nanyi mko 32.

Punje 13, watu 32. Wenye simu waliifanya kwa simu wakapata vile vile: shilingi 13,333 kwa mwaka, 1,111 kwa mwezi, ambayo ni kama shilingi 35 kwa kila mwanachama kwa mwezi. Haitoshi pakiti moja ya maziwa.

Chumba kilinyamaza. Lakini kijana mmoja, katibu msaidizi, alisimama akauliza swali ambalo hata sisi lilitukaba: "Na sasa hivi pango linatupa nini? Sufuri. Si afadhali hiyo thelathini na tano?" Ni swali la haki. Kumwambia mtu mwenye shida kwamba asiuze kitu, bila kumwonyesha kitu hicho kitamfaa vipi, ni kumdhihaki. Kwa hiyo tulikubaliana wasitie sahihi kwanza, na watu wanane watumwe wakaone mahali ambapo wanakijiji wenyewe wanatunza pango na kupokea wageni. Nauli ilichangwa, nusu na wao nusu na ofisi yetu.

Tulichokiona Shimoni

Shimoni iko kaunti ya Kwale, kilomita kama 80 kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Unavuka feri ya Likoni, unashika barabara ya Lunga Lunga, halafu unakata kushoto kuelekea baharini. Jina la mji limetokana na hilo hilo shimo. Wenzetu wa milimani walishangaa kwanza kuona hakuna mlima. Pango la Shimoni liko chini ya ardhi tambarare, hatua chache tu kutoka gatini, na unaweza kulipita usijue.

Tueleze kidogo kwa nini. Mwamba wa pwani ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na mahali penye nyumba sasa palikuwa chini ya maji. Bahari ilipoteremka, mawe yale yakabaki nchi kavu. Sasa maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo huchukua hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali kidogo, kama ndimu iliyotiwa maji mengi mno. Ukali huo hula mawe ya chokaa polepole, miaka na miaka, mpaka panatokea uwazi. Dari likidondoka mahali, ndipo unapata tundu la kuingilia. Milima mingine ina habari tofauti. Kule Suswa na Chyulu mapango yalitengenezwa na moto: uji wa volkeno ulitiririka, juu yake ukaganda, ndani ukaendelea kukimbia hadi ukaacha bomba tupu. Pango moja la Chyulu lina urefu unaozidi kilomita 11. Na huku Taita mengi si mashimo hasa, ni mawe makubwa yaliyoegemeana au kubomoka pembeni hadi yakaacha sebule chini yake. Tunasema haya kwa sababu hatari zake hazifanani. Jiwe lililoegemea jingine linaweza kuteleza, la matumbawe linakata kama wembe.

Tulishuka kwa ngazi. Ndani kuna nafasi ya watu wengi, mwanga unaingia kwa matundu ya darini, mizizi ya miti inaning'inia kama kamba. Kijana aliyetuongoza alituhesabu kabla hatujashuka na akatuhesabu tena tulipotoka. Hilo mama mmoja wetu aliliandika kwenye daftari lake mbele ya mambo yote, nasi tunaona alifanya vema.

Pale pango hutembelewa kwa sababu ya utumwa. Masimulizi ya wenyeji ni kwamba watu waliotekwa bara walifungiwa humo wakingojea majahazi ya kwenda Unguja na Uarabuni, na ukutani unaonyeshwa vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Lakini biashara haikufa siku hiyo. Wafanyabiashara walianza kuwatembeza watu nchi kavu kando ya pwani na kuwavusha kwa siri, na hapo mahali pa kujificha pakawa na thamani zaidi. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Ndiyo kusema wapo wazee wa leo ambao babu zao walikuwa hai wakati huo.

Kisha tuliambiwa jambo ambalo hatukulitegemea. Kwamba wengine husimulia kuwa wenyeji walijificha pango hilo hilo wakati wa uvamizi wa Wamaasai. Kwamba wazee walikuwa na mahali pao pa kutambika humo humo. Na kwamba watafiti, Wakenya wakiwemo, wamejadiliana sana ni kiasi gani pango lilitumika kwa watumwa, kwa kuwa mengi yamebebwa na vinywa vya watu na si na maandishi. Mwongozaji ambaye anakwambia yote matatu, unamwamini. Wenzetu walitazamana. Maana pango lao nalo ni la kujifichia.

Juu ya pesa, Shimoni pango liko mikononi mwa kamati ya kijiji, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kiingilio kimesaidia karo za watoto, walimu wa ziada, zahanati na maji. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Wasini, akina mama wana mradi wao wa daraja la mbao linalopita juu ya matumbawe makavu na mikoko, na mgeni hulipa kulipita. Hakuna aliyejenga hoteli. Walichonacho ni njia safi, mtu wa kueleza na kitabu cha risiti.

Lakini tusidanganyane. Mgeni si mshahara. Mwaka 1997 vurugu za Likoni zilifukuza watalii pwani nzima, na mahoteli yakafunga milango. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ukafanya hivyo tena, dunia nzima, na safari hiyo hata wanafunzi hawakuja. Kikundi ambacho kingekuwa kimeuza kuku wote ili kingojee watalii kingelala njaa. Kuku wabaki. Pango liwe nyongeza.

Hadithi isiwe ndefu kuliko pango

Mwenye pango hujaribiwa sana kuongeza chumvi, maana mgeni anapenda kushangaa. Jirani zetu wa Tanga wana mapango ya Amboni, ya mawe ya chokaa, ambayo serikali ya kikoloni iliyaweka chini ya ulinzi tangu mwaka 1922. Husimuliwa kwamba njia moja ya humo hutokea Mombasa, nyingine Kilimanjaro, na kwamba mbwa aliwahi kuingia huku akatokea kule. Mwaka 1994 wataalamu waliingia na vifaa vya kupimia. Njia ndefu kuliko zote haikufika hata kilomita moja.

Je, hadithi ya mbwa itupwe? Hapana, ni tamu, na watu wamekuwa wakiisimulia. Isimuliwe kama hadithi, halafu kipimo kitajwe. Amboni ndiko pia anakosimuliwa Osale Otango aliyejificha na kuwakimbia askari wa mkoloni katika miaka ya 1950. Wengine wanamwita jambazi, wengine wanasema alipigania wanyonge. Mwongozaji mzuri anatoa pande zote mbili na kumwachia mgeni. Na kule Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kuna pango la asili lenye maji matamu, na mbali kidogo kuna chumba kilichochongwa chini ya ardhi na mikono ya watu ili kuficha watumwa baada ya marufuku. Wageni wengi wanavichanganya. Ukichanganya kwa makusudi ili ulipwe, siku moja atakuja mwalimu wa historia na wanafunzi arobaini, nawe utaaibika mbele yao wote.

Basi kikundi chenye pango kiwaandike wazee mapema. Nani alisimulia, alisikia kwa nani, lini. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Huku kwetu tumewazika wazee wawili waliojua habari za mlima huo kabla ya mtu yeyote kuchukua kalamu.

Udongo na popo

Vijana wa kikundi walikuwa na mpango mzuri, kwa macho yao: kusawazisha sakafu ya pango kwa jembe, kumwaga simiti, kuweka viti na kuuza soda. Tuliwasimulia habari za Panga ya Saidi, pango lililoko kaunti ya Kilifi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa nchi za nje walichimba pale kwa miaka, taratibu, kwa brashi. Karibu mita tatu chini ya sakafu walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa kwa ubavu kama anayelala. Mwaka 2021 walitangaza kwamba alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika, nao wakampa jina la Mtoto. Mifupa yenyewe ilikuwa laini kiasi cha kugeuka unga ukiigusa. Jembe moja la kijana mwenye bidii lingemmaliza, na hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo sakafu ya pango isiguswe. Moto usiwashwe ndani, na taa za mafuta zibaki nje, kwa sababu masizi yanashika darini na hayatoki tena. Tochi za betri zinatosha. Kuandika majina ukutani tunadhani hata hatuhitaji kusema.

Popo ni habari nyingine, na hapa tunaomba msomaji asiruke mistari.

Katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, kuna pango la Kitum. Ndovu huingia humo usiku gizani na kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao, ni jambo la ajabu na watu wametoka mbali kuliona. Mwaka 1980 mhandisi mmoja Mfaransa aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya alilitembelea, akaugua, akafariki Nairobi. Daktari aliyemtibu aliambukizwa, lakini alipona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark aliingia pango hilo hilo, naye akafa. Wote wawili waliuawa na virusi vya Marburg, ugonjwa ulio ndugu wa Ebola. Kule Uganda, katika msitu wa Maramagambo, mgeni mmoja Mmarekani aliugua baada ya kutembelea pango la Python mwishoni mwa 2007, na akapona. Mwaka 2008 mwanamke Mholanzi aliyeingia pango hilo alifariki. Serikali ikalifunga. Baadaye pakajengwa kibanda chenye vioo, mgeni anawatazama popo kutoka mbali wala haingii.

Wanaobeba virusi hivyo ni aina moja ya popo wala matunda, ambao hulala mapangoni kwa maelfu. Popo wote hawako hivyo, na mapango mengi yanatembelewa kila siku bila shida. Ila nyinyi wenyewe hamwezi kujua kwa kutazama. Kabla ya kumwingiza mgeni, au mtoto wa shule, ombeni maofisa wa wanyamapori na wa afya waje waone ni popo gani. Kinyesi chao nacho kikiwa kikavu kina ukungu unaoweza kuugusa mapafu ukivuta vumbi lake, kwa hiyo msikizoe kwa mikono mitupu kukifanya mbolea. Tunajua kuna vikundi vinavyofanya hivyo.

Na dawa si kuwaua. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na baadaye popo wa mgodi huo wakaangamizwa. Popo wapya walirudi, na walipopimwa mwaka 2012 virusi vilikuwa vingi kati yao kuliko zamani. Tena mibuyu huchavushwa na popo, na wale wala wadudu wanakula mbu. Pango lenye maelfu ya popo wa matunda, kaeni nalo mbali, nao muwaache.

Pango la pili

Tulipokuwa tukirudi, baada ya kuvuka Likoni, yule mwanachama mkubwa kwa umri kuliko wote alifungua kinywa. Alikuwa hajasema neno tangu Shimoni. Akauliza: "Na lile jingine?"

Sisi hatukujua kama kuna jingine. Vijana wawili walitazama nje ya dirisha la matatu.

Zamani Wataita walikuwa na desturi yao. Mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa na kuwekwa chini ya mwamba, pamoja na vichwa vya watu wa ukoo wake. Mahali hapo paliheshimiwa, na wazao walikwenda huko penye jambo kubwa. Desturi yenyewe imekoma, lakini mafuvu mengine yangali yamekaa alipoyaweka mwenyewe mzazi wa mzazi. Mengine hayapo. Wakati wa ukoloni watafiti waliyachukua mengi wakayapeleka Uingereza kupimwa, na wageni wengine walijichukulia tu kama mtu anavyookota gamba la kobe. Nasi watu wa dini tusijitoe: kuna nyakati tuliwafundisha watu kuyaogopa mahali hayo hata wakaacha kuyalinda.

Kumbe lile pango dogo lilikuwa limetajwa kwenye karatasi ya yule bwana, ukurasa wa tatu. Alikuwa ameonyeshwa na vijana, naye alilipenda kuliko lile kubwa.

"Babu yangu yumo," nyanya akasema. "Mimi nilionyeshwa na mama. Sasa naye mtamkatia tikiti ya bei gani?"

Hakuna aliyejibu mpaka Mariakani. Sisi wenyewe tulikuwa tumekwenda Shimoni kufundisha namna ya kupokea wageni, na hatukuwa tumefikiria kwamba kuna mahali ambapo mgeni hapaswi kupokelewa kabisa. Tulipofika Voi tulimwambia nyanya kwamba, kwa maoni yetu, jibu ni la ukoo wake na si la kikundi. Hata watu 32 wakipiga kura wote, babu si mali ya kikundi.

Karatasi na sheria

Wiki mbili baadaye tulikaa na ile karatasi, sentensi kwa sentensi, tukiwa na mtu anayejua Kiingereza cha mawakili. Tutaje machache ambayo kila kikundi kijue.

Kwanza, mlima ni wa nani? Wengi tunasema "ni wetu" na hatujawahi kwenda ofisi ya ardhi kutazama. Kama ni ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema makubaliano ya kumpa mtu aitumie kwa biashara lazima yaletwe kwenye mkutano wa jamii yote, na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima wakubali. Si kamati ya watu saba jioni kwenye duka. Ardhi ya jamii ambayo bado haijaandikishwa, serikali ya kaunti inaishikilia kwa niaba ya jamii na haina ruhusa ya kuiuza. Na kikundi cha kujisaidia chenyewe, chini ya sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii, kiwe kimesajiliwa, kina katiba na kina maofisa waliochaguliwa. Cheti cha kikundi hakikufanyi mwenye ardhi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, hata yule bwana aliwaambia kwamba cheti chao kinatosha.

Pili, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Mtu akigundua mahali au kitu cha kale anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Kuchimba bila kibali ni kosa. Msiogope kuwaandikia. Wengine hudhani serikali ikijua italichukua pango, lakini Shimoni pango bado liko na kamati, na kushirikiana na Makumbusho kumewapa nguvu ya kumkatalia mtu.

Ile karatasi haikutaja risiti popote. Haikusema ni wangapi wa kijiji watapewa kazi. Ilisema kwamba mwenye kukodi anaweza "kuboresha" pango apendavyo. Na ilisema wenyeji watapita mlimani kwa ruhusa yake. Akina mama wanaochota kuni na maji kule juu walipoisikia hiyo, mambo yaliisha kabla chai haijamiminwa.

Mkutano wa mwisho ulikuwa wa kijiji chote, si wa kikundi tu. Karatasi ilirudishwa. Lile pango kubwa wataanza nalo kidogo, kwa wanafunzi wa shule za karibu na walimu wao, baada ya popo kutazamwa na mawe ya mlangoni kukaguliwa. Waongozaji wanne, wawili wasichana, wanajifunza kwa wazee. Pesa zitasomwa mbele ya watu kila mwezi, na funguo za sanduku wanazo watu watatu ambao si ndugu. Njia ya pango la pili imepandwa minyaa na katani, na ukoo umesema haitaonyeshwa. Barua kwa Makumbusho imekwenda, jibu bado.

Haikuwa sherehe. Katibu msaidizi alijitoa kwenye kikundi. Alikuwa amehesabu fungu lake la zile 400,000 kwa ajili ya karo ya mdogo wake, na muhula ulikuwa umeshafunguliwa. Wanachama wamemchangia kidogo kutoka akiba, lakini bado hajarudi mkutanoni, na sisi tumekwenda kwake mara mbili.

Juzi tumesikia kwamba yule bwana amepeleka karatasi yake mlima wa pili, nyuma ya ule wa kwanza, na kwamba sasa anatoa 450,000. Wenye mlima huo wakisoma ukurasa huu, hesabu ya punje iko hapo juu. Punje 450, mafungu 30, mnapata punje 15 kila fungu.